Je, hofu ni upungufu wa imani?

SWALI: Mimi ni mkulima wa uwele wilayani Bahi. Mvua zikichelewa, hofu hunikosesha usingizi. Je, imani yangu ni haba?

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Mwandishi wa Zaburi ya 56 anakiri kwamba anaogopa, na katika hofu hiyohiyo anamtumaini Mungu. Paulo naye aliwaandikia Wafilipi habari za amani ipitayo akili zote akiwa kifungoni, akawaelekeza wamjulishe Mungu haja zao kwa kusali na kushukuru. Kwa hiyo usiku mtajie Mungu shamba lako, deni lako na watoto wako kwa majina, kisha, nami nakusihi sana katika hili, umweleze mchungaji wako jambo hili bila kuona haya. Akiba ya chakula nayo ipangeni mapema nyumbani.