Maswali na Majibu: Skeli ya Logi Isiyopatikana kwenye Mhimili Mlalo

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari, na nimechora katika Excel, programu ya majedwali, grafu ya sayari nane, nikilinganisha umbali wa kila sayari kutoka kwenye Jua na muda inaotumia kulizunguka. Sayari nne za mwanzo zimelala chini kana kwamba muda wake ni sifuri, hivyo nimeshauriwa nitumie skeli ya logi, yaani ile ambayo kila hatua sawa kwenye mhimili huzidisha namba, kwa mfano 1, 10, 100. Kwenye mhimili wima nimefanikiwa, ingawa programu ilinipa onyo kuhusu sifuri, lakini kwenye mhimili mlalo sioni kabisa mahali pa kuichagua. Je, nikokotoe kwanza logi za namba zote ndipo nichore? – Mwalimu, Iringa.

JIBU: Ndugu Mwalimu, unachokitafuta hakipo kwa sababu ya aina ya grafu uliyoanza nayo. Inaelekea ulichagua grafu ya mstari, ambayo katika Excel huuchukulia mhimili mlalo kuwa orodha ya majina: umbali wa 0.387 wa Utaridi, 0.723 wa Zuhura na 30.1 wa Neptuni (ule wa Dunia ukiwa 1) hupangwa kwa nafasi sawasawa, kana kwamba umeandika Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Majina hayana logi. Bofya grafu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kubadilisha aina yake, kisha uchukue ile ya nukta zilizotawanyika, ambayo kwenye kioo imeandikwa "XY Scatter". Baada ya hapo mhimili mlalo utasomwa kama namba, na ukifungua mpangilio wake utakuta kisanduku cha "Logarithmic scale" pamoja na nafasi ya kuandika kizio cha logi, yaani namba inayozidishwa kwa kila hatua. Programu inakubali kizio chochote kuanzia 2 hadi 1000, lakini kwa darasa lako sioni sababu ya kuacha 10.

Logi usizikokotoe. Skeli hubadilisha namna mhimili unavyogawanywa na haigusi namba zilizo kwenye jedwali, kwa hiyo ukikokotoa logi kisha ukaweka na skeli ya logi, utakuwa unachora logi ya logi. Na Utaridi, ambayo logi ya umbali wake ni hasi, haitachoreka hata kidogo. Kukokotoa si kosa iwapo mihimili itabaki ya kawaida, ila mwanafunzi atasoma 1.479 mahali ambapo angesoma 30.1, na maana ya kipimo itampotea.

Kuhusu onyo, ninashuku kwamba jedwali lako linaanza na mstari wa Jua, wenye umbali 0 na muda 0. Sifuri haina logi, basi uondoe mstari huo. Wapo wanaoandika 0.0001 ili programu inyamaze, jambo ambalo silipendi, kwa kuwa nukta hiyo huvuta mhimili mbali chini na kuonyesha kipimo ambacho hakuna aliyekipima.

Ukishaweka skeli zote mbili utakutana na usumbufu mwingine: mihimili itakatana kwenye 1, katikati ya grafu, na namba zake zitapita juu ya nukta za Utaridi, Zuhura na Dunia. Excel huikutanisha kwenye 1 isipoelekezwa vingine. Fungua mpangilio wa mhimili wima, tafuta mahali panapoeleza mhimili mlalo unaukata wapi, uandike 0.1, kisha ufanye hivyo hivyo kwa mhimili mlalo. Umbali uanzie 0.1 na uishie 100, na muda uanzie 0.1 na uishie 1000. Usianzie 0.2 kwa kubana nafasi, kwa sababu alama za mhimili zitakuwa 0.2, 2 na 20, ambazo ni shida kuzisoma.

Wenye LibreOffice Calc, programu nyingine ya majedwali, hubofya grafu mara mbili, kisha hufungua mpangilio wa mhimili na kuweka tiki ya skeli ya logi kwenye ukurasa wa "Scaling".

Sasa nukta zako nane zitajipanga katika mstari mnyoofu, na mteremko wake ndio kanuni ya tatu ya mwanafalaki Kepler, aliyoichapisha mwaka 1619: muda ukizidishwa kwa wenyewe huenda sambamba na umbali uliopandishwa kipeo cha tatu, hivyo mteremko ni 1.5. Kwa kuwa umbali na muda wa Dunia vyote ni 1, logi zake ni sifuri, na hesabu inakuwa nyepesi: logi ya muda wa Neptuni, yaani miaka 164.8, ni 2.217, ukiigawa kwa 1.479, logi ya umbali wake, unapata takriban 1.5. Mwanafunzi anayetaka kupima mteremko kwa rula kwenye karatasi iliyochapishwa ahakikishe kwanza kwamba urefu kutoka 1 hadi 10 ni uleule kwenye mihimili yote miwili, la sivyo atapata jibu jingine kabisa.

Ukitaka programu yenyewe ichore mstari wa mwelekeo, chagua ule wa kipeo, ulioandikwa "Power", na uombe mlinganyo wake uonyeshwe. Kipeo cha x kitakuwa karibu sana na 1.5. Ule wa kawaida, "Linear", utatokea umepinda na kuzikosa sayari za ndani, kwa sababu mstari ulionyooka kwenye skeli ya kawaida haubaki mnyoofu kwenye skeli ya logi isipokuwa unapopita kwenye sifuri.