Jibu: Nimweke wapi Mary Slessor kwenye tasnifu yangu?

Mdogo wangu, umeuliza umwite Mary Slessor, mmisionari wa Calabar (Nigeria ya leo), mkombozi wa watoto au wakala wa ukoloni. Mimi nisingeanza na swali hilo, litakufunga mikono.

Anza na kiti cha hukumu. Binti huyu wa Scotland alikuwa kibarua wa kiwanda cha nguo Dundee tangu utotoni, akafika Calabar mwaka 1876. Mwaka 1892 serikali ya Uingereza ikampa unaibu konseli (cheo cha mwakilishi wa serikali) huko Okoyong, eneo la jirani na Calabar, akawa anaamua kesi za wanaume wazima. Kwao Uingereza, wanawake hawakupata kura ya bunge hadi 1918. Yeye alishafariki 1915. Madaraka aliyonyimwa kwao kwa jinsia yake aliyapata Afrika, na rangi yake ilichangia. Hapo ndipo penye nyama ya tasnifu yako.

Mapacha aliowaokoa wasiuawe kwa imani kwamba ni mkosi ni kweli, usiwapuuze. Ila barua zake zisome kwa tahadhari: nyingine zilikwenda kwa wachangiaji wa misheni, na mchangiaji hupenda kusikia giza limetanda. Halafu mtafute Janie, mmoja wa mapacha hao, ambaye Mary alimlea. Wengi humtaja kwa mstari mmoja tu, basi.