Iodini-131 na 0.01 yenu

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kinga ya mionzi hospitalini, naletewa karatasi ileile tena na tena: "Dawa ni kimiminika, tumeweka 0.01, sampuli za hewa hazihitajiki." Hiyo 0.01 ni sehemu ya dawa inayodhaniwa kuingia hewani. Inaniuma, maana wanaoiandika ni vijana makini.

1. Iodini-131, dawa ya mionzi tunayoizungumzia, haihesabiwi kama maji. Jedwali la NRC, mamlaka ya udhibiti wa nyuklia ya Marekani, linatoa 0.01 kwa vimiminika, lakini 1 kwa gesi na vitu vinavyogeuka mvuke kirahisi. Ukifungua kichupa, mvuke uliojikusanya juu ya dawa unatoka kabla hujaingiza sindano. Andikeni 1.

2. Tumieni kiasi cha mwaka mzima, si cha mgonjwa mmoja. Hapa twende polepole. Wagonjwa 5 kwa wiki, kila mmoja GBq 3.7 (gigabekereli, kipimo cha mionzi; GBq 1 ni MBq 1,000), wiki 50: jumla GBq 925. ALI (kikomo cha kiasi ambacho mfanyakazi anaruhusiwa kuingiza mwilini kwa mwaka) ya kuvuta iodini-131 katika kanuni za Marekani ni MBq 1.85, kwa hiyo mikononi mwenu zinapita ALI 500,000. Zidisha kwa sehemu moja ya milioni, yaani sehemu ya dawa inayokadiriwa kuingia mwilini mwa anayeishika, unapata ALI 0.5. Juu ya meza ya wazi jibu linabaki hapohapo, mara 5 ya kile kiwango cha ALI 0.1 ambacho kanuni inataka mfanyakazi afuatiliwe. Ndani ya kabati la kufyonza hewa unazidisha tena kwa 0.1, na linashuka hadi 0.05. Sasa yule wa "kimiminika" anapata 0.005 hata mezani, anafunga faili, na mwenzake anaendelea kuvuta!

Mnaona uamuzi wote umekalia kabati. Nimekuta kioo kimeinuliwa hadi juu, maboksi ya glavu yameziba matundu ya nyuma, na karatasi inadai kile kizidisho cha kabati, 0.1. Hiyo ni meza ya wazi yenye paa. Pimeni kasi ya hewa mdomoni mwa kabati, iwe karibu mita 0.5 kwa sekunde, ndipo muandike.

3. Ile sehemu moja ya milioni ni ya Allen Brodsky, aliyeijadili mwaka 1980. Ni kadirio la kuamulia kama hewa ipimwe, haisemi fulani amevuta kiasi gani.

4. Chujio la karatasi halishiki mvuke wa iodini. Wekeni la mkaa, karibu na pua ya mfanyakazi, si ukutani. Kisha pimeni tezi ya shingo ya aliyefungua kichupa, na ikipishana na makadirio, rudieni hesabu kuanzia namba 1.