Jopo limekataa hesabu yangu ya pensheni. Je, jaji ataipiga upya?

SWALI: Wakili, nilistaafu kiwandani hapa Kisumu. Wadhamini wa pensheni walinikokotolea mafao kwa mshahara wa msingi pekee, bila marupurupu ya nyumba. RBA, mamlaka inayosimamia mipango ya pensheni, iliwaunga mkono, na sasa Jopo la Rufaa limetupa rufaa yangu. Nataka kwenda Mahakama Kuu jaji apige hesabu upya. Nianzie wapi? – Mstaafu, Kisumu

JIBU: Mzee wangu, jaji hatapiga hesabu upya. Nalisema hili karibu kila wiki, na bado wastaafu wanauza ng'ombe kulipia kesi wasizoweza kushinda.

Haki ya rufaa hutolewa na sheria. Haizaliwi na uchungu wa aliyeshindwa, hata kama amedhulumiwa kweli. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya 1997 hukupeleka kwa Afisa Mkuu Mtendaji wa RBA, na cha 48 hukufikisha kwa Jopo ndani ya siku 30. Anayekuahidi rufaa nyingine juu ya hapo, akuonyeshe kifungu kabla hujatoa shilingi.

Ulichobakiwa nacho ni mapitio ya mahakama, chini ya Kifungu cha 165(6) cha Katiba na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015. Jaji hukagua jinsi Jopo lilivyofikia uamuzi: lilikusikiliza? Liliegemea upande mmoja? Lilikosea sheria?

Kwa hiyo fungua kanuni za mpango wako, sehemu inayoeleza mshahara unaokokotolewa pensheni. Ikiwa inasema mshahara wa msingi, huna kesi. Ikiwa inataja marupurupu ya nyumba na Jopo likaipuuza, hilo ni kosa la kisheria, na hapo una la kusema. Lakini kama Jopo lilisoma hati zako za mshahara likaamini za mwajiri, huo ni ushahidi, na jaji hataugusa. Hata ukishinda, kwa kawaida uamuzi hubatilishwa na shauri kurudishwa kwa Jopo.

Maombi ya kubatilisha uamuzi yana miezi 6, tangu tarehe ya uamuzi wenyewe. Barua za kulalamika hazisimamishi siku hizo. Omba leo nakala iliyoidhinishwa ya uamuzi wa Jopo.

Wanaonikera zaidi ni mabroka wa nje ya mahakama, Kisumu hadi Nakuru, wanaowaambia wastaafu waruke RBA na Jopo "kuokoa muda". Mwaka 2019, kesi ya wastaafu wa Mamlaka ya Bandari ilikuwa imeshapita Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa, Mahakama ya Juu ikasema ilipaswa kuanzia RBA. Miaka yote hiyo ilipotea. Broka hukuandikia karatasi isiyo na jina la wakili wala muhuri, na siku ya kesi simu yake haipatikani. Ukipewa karatasi ya namna hiyo, usiitie sahihi.