Kutetea wanyama kwa picha za wanawake waliovuliwa nguo: je, naweza kubeba bango?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni binti wa Mombasa, nasoma Montreal, Kanada. Hapa chuoni nimejiunga na kikundi cha wanafunzi wanaotetea wanyama, kwa sababu tangu utotoni roho huniuma nikiona punda anapigwa. Sasa wanaandaa maandamano ya kupinga makoti ya manyoya. Wamepanga wasichana watatu wasimame barabarani wamejisitiri kwa majani ya saladi tu, na mabango yatakuwa na picha za wanawake waliovua nguo. Nilikataa kuvua. Wakasema basi nibebe bango na nisambaze picha kwa simu. Picha moja niliituma kisha nikaifuta. Mwenzangu mmoja Mwislamu ananiona nina msimamo mkali. Anasema yule mwanamke aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa maji si alivua mtandio wake? Tena anasema bila picha hizo hakuna anayesikiliza. Mama naye ameniambia niachane na wanyama, nisome. Nifuate lipi?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu.

Roho inayokuuma kwa ajili ya punda usiionee haya. Mtume (s.a.w.) alimpitia punda aliyechomwa chapa usoni, akamlaani aliyemchoma, hadithi hiyo imo katika Sahihi Muslim. Na hayo makoti ya manyoya mnayoyapinga, Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kwamba Mtume alikataza ngozi za wanyama wakali wanaorarua. Wanazuoni wamekhitilafiana juu ya sababu yake: wengine wakasema ni najisi, wengine wakasema ni kiburi cha wakubwa waliokuwa wakizitandika ili waonekane. Mimi nikitazama anayevaa koti la manyoya siku hizi naelekea kauli ya pili.

Katika madhehebu yetu ya Shafi, ambayo bila shaka ndiyo uliyosomeshwa chuoni Mombasa, mtu akiwa na maji ya kutosha udhu tu, na pana mnyama mwenye kiu ambaye sharia imeuhifadhi uhai wake, basi maji ni ya mnyama, na mtu atatayamamu, yaani atajitwaharisha kwa udongo. Kiu ya mnyama imetangulizwa mbele ya maji ya Sala. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba kuwahurumia wanyama umekuokota ugenini.

Sasa tuje kwenye picha. Mtindo huu haukuanzishwa na wenzako wa chuo. Shirika la Kimarekani liitwalo PETA, lililoanzishwa mwaka 1980, ndilo lililoutangaza dunia nzima. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 lilikuwa na kampeni ya watu mashuhuri kupigwa picha bila nguo, wakisema afadhali wakae uchi kuliko kuvaa manyoya. Kampeni hiyo iliendelea karibu miaka thelathini, hadi mwaka 2020 walipotangaza kuifunga. Hata hao wasichana wa majani ya saladi ni mtindo wao. Na nisiwadhulumu: walivua wanaume pia. Lakini sura iliyobaki vichwani mwa watu ni ya mwanamke.

Katika mji huohuo unaosoma, mwaka 2010, shirika hilo lilitaka kuzindua bango la Pamela Anderson, mwigizaji mzaliwa wa Kanada. Alikuwa amevaa kichupi, na mwili wake umechorwa mistari kama mchoro wa ng'ombe unaotundikwa buchani: hapa mbavu, hapa bega, na pengine nisipopenda kupataja. Walichotaka kusema ni kwamba wanyama wote wana viungo vilevile. Wakuu wa mji wa Montreal wakawanyima kibali, wakasema bango hilo linakwenda kinyume na juhudi za kuwafanya wanawake na wanaume waheshimiwe sawa. Hao si mashekhe, mwanangu, wala hawakufungua msahafu. Walitazama mwanamke aliyegawanywa vipande, wakaona kuna kitu hakikai sawa.

Kisichokaa sawa ndicho kiini cha jibu langu. Anayemtetea ng'ombe anatuambia: msimwangalie huyu kama nyama, ni kiumbe mwenye roho, ana maumivu, ana ndama anayemlilia. Maneno hayo ni mazuri, na Qur'ani imesema katika Suratul An'am, aya ya 38, kwamba wanyama na ndege ni umma kama sisi. Lakini ili utege sikio, anakuwekea mbele mwanamke, na anataka umwangalie kama nyama. Jicho lilelile analokukataza kwa ng'ombe ndilo analoliamsha kwa binti wa watu. Na huyo binti ni katika wale ambao Mola amesema katika Suratul Israi, aya ya 70, kwamba amewatukuza, wanadamu wote, bila kuuliza dini yao. Ndiyo maana sikubali kauli ya kwamba wanaovua si Waislamu kwa hiyo hayatuhusu.

Mwenzako amekuletea hadithi ya yule mwanamke, na namshukuru kwa kuikumbuka, kwani wengi huijua nusu. Imo katika Bukhari. Alikuwa kahaba, akampita mbwa kando ya kisima, ulimi umemtoka, kiu inakaribia kumuua. Akavua kiatu chake cha ngozi, akakifunga kwa mtandio wake, akamtekea maji, na kwa hilo akasamehewa. Katika mapokezi ya Muslim imetajwa kwamba alikuwa katika Wana wa Israili. Kweli, mtandio ulitoka kichwani. Lakini hebu tuutazame ulikwenda wapi: ulikwenda kisimani, ukawa kamba. Alikuwa na kiatu cha kutekea, hana cha kukiteremshia, na mbwa anakufa. Hiyo ni dharura, na dharura ina hukumu zake. Waliomwona hadithi haikuwataja. Aliyetajwa kuwapo ni mbwa, naye alikuwa anatazama maji.

Kwenye bango mambo ni kinyume. Hapo nguo haikuvuliwa ili iwe kamba. Uchi wenyewe ndio kamba, na anayevutwa ni mpita njia. Mwambie mwenzako kwamba siku akikuta paka ametumbukia kisimani na hakuna kamba ila mtandio wake, autumie, na mimi nitamwombea dua. Na jambo jengine ambalo husomwa likapita: huyu alikuwa mwanamke ambaye watu walimjua kwa mwili wake, ndiyo kazi iliyompa jina. Mtume alipotusimulia hakutaja sura yake wala umbo lake. Alitaja kiatu, mtandio na maji. Pengine ilikuwa mara ya kwanza watu kumzungumza mwanamke yule kwa kitu alichokifanya kwa mikono yake.

Imebaki hoja ya kwamba picha hizo zinafaa kazi. Nitaichukua kwa uzito, maana ndiyo inayowashinda vijana. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara, aya ya 219, alipotaja ulevi na kamari hakukana kwamba yamo manufaa kwa watu. Aliyathibitisha, kisha akasema dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Kwa hiyo hata ukinithibitishia kwamba picha moja imeokoa mbweha mia, hujanithibitishia kwamba ni halali. Mafakihi wanasema kuzuia uharibifu hutangulizwa kabla ya kuvuta manufaa.

Ila hata hayo manufaa yana walakini. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walichapisha uchunguzi wao. Waliwaonyesha wanaume matangazo ya PETA, wengine ya wanawake waliovuliwa, wengine ya wanawake waliovaa nguo zao. Walioona ya uchi walisisimka, hilo halina ajabu. Lakini nia yao ya kulisaidia shirika ilishuka, na kilichoishusha ni kwamba walikuwa wamemwona yule mwanamke kwa jicho la kumpunguzia utu. Hukumu yangu haisimami juu ya utafiti huo, ungetoka vingine nisingebadilisha neno. Nimeutaja kwa sababu mwenzako anapenda hoja ya matokeo, basi apewe matokeo.

PETA walipofunga kampeni yao walisema wameshinda, kwani nyumba nyingi za mitindo zimeacha manyoya. Ni kweli zimeacha. Lakini Uingereza ilipiga marufuku ufugaji wa wanyama wa manyoya kwa sheria ya mwaka 2000, na bungeni sikusikia aliyevuliwa nguo. Na huku kwetu kuna mfano unaoujua: Lamu, kituo cha punda kipo tangu mwaka 1987. Punda wanatibiwa, na mwenye punda aliyetunzwa vizuri hushindania zawadi mbele ya watu. Wazee wa Lamu hawakuhitaji kuonyeshwa paja la mtu ili wamkate punda kwato. Umoja wa Afrika nao, Februari 2024, ulikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya biashara ya ngozi, baada ya wafugaji na watetezi kupiga kelele miaka kadhaa.

Basi hukumu ni hii. Kusimama kwa majani ya saladi ni haramu, na umefanya vyema kukataa. Kubeba bango lenye picha hizo, kulichapisha au kulituma kwa simu ni kusaidia, na Suratul Maida, aya ya pili, imetuamuru tusaidiane katika wema na ucha Mungu, wala tusisaidiane katika dhambi. Aliyebeba hana tofauti kubwa na aliyechora. Mkono wake ndio unaofikisha. Na tusisahau kwamba katika Suratun Nur amri ya kuinamisha macho imeanza kwa wanaume, aya ya 30, kabla ya wanawake kutajwa. Vijana wa kiume wa kikundi hicho, Mwislamu aliyemo kati yao na ajue kwamba yeye ndiye wa kwanza kuambiwa.

Kikundi chenyewe hulazimiki kukihama. Bango la maneno, beba. Picha ya mnyama aliyefungiwa kizimbani, ikiwa ni ya kweli na haikutiwa chumvi, beba. Siku ya wale wasichana watatu usiende, na waambie mapema kwa nini, kwa upole, uso kwa uso. Wasichana hao usiwaseme vibaya. Nahisi hata mmoja wao huenda anangoja mtu aseme kwanza. Na wakikutaka useme kwamba nyama iliyochinjwa kihalali ni haramu, hilo usilikubali. Kuacha kuila kwa hiari yako ni ruhusa, hakuna anayelazimishwa kula mbuzi.

Ile picha uliyoituma na kuifuta, kuifuta ni sehemu ya toba. Ila waliokwisha kuipokea bado wanayo. Waandikie, waombe nao waifute. Ukishafanya hivyo na ukajuta, usijitese nayo.

Mama yako usimjibu kwa ukali. Anaogopa ada ya chuo inaingia kwenye maandamano. Mpigie simu, mwambie mitihani yako inakwendaje kwanza, halafu ndiyo umsomee hadithi ya mwanamke na mbwa. Na mwombe ruhusa, likizo ukirudi, uende Lamu kituoni ukawasaidie na punda. Nadhani hatakataa.

Wallahu a'lam.