Lubugo haifuliwi, dada! Soma hapa kabla hujavuka Busia

Wewe uliyeandika kwamba mnatoka Kisumu na shemeji kwa gari, mtembee polepole mpaka Entebbe mkiangalia maduka ya vitambaa, bustani na sehemu za kale, na kwamba kuna mwenyeji Kampala "atakayetupeleka kwa jumla" ili ununue lubugo, kile kitambaa cha gome la mti, za kutosha mablanketi matatu ya viraka: futa huyo mwenyeji. Futa na hayo mablanketi. Bustani tutafika, kwanza hili, maana nimesoma ujumbe wako nikahisi pesa zangu zinatoka mkobani mara ya pili.

Mimi naishi Jinja, nashona viraka, na nina mume mvumilivu ambaye anapenda kuendesha gari bila haraka. Tulikwenda safari kama yako. Hoteli ikatupa kijana wa kututembeza, mdomo wake umepakwa asali. Akatuingiza kwenye duka la zawadi, sitalitaja, akanikunjulia lubugo rangi ya udongo mwekundu, pana, laini, yenye harufu ya moshi. Nikauliza swali moja tu, swali ambalo kila mshona blanketi huuliza: inafuliwa? "Mama, hii ni nguo ya wafalme! Inafuliwa, inapigwa pasi, wajukuu watairithi." Mwenye duka akaitikia kwa kichwa. Nikanunua mpaka buti likagoma kufunga, na pesa tuliyoitenga kwa kulala Entebbe ikaishia humo.

Kuhusu wafalme hakudanganya. Kwingine kote alidanganya.

Lubugo ni gome la ndani la mti wa mutuba. Hubanduliwa msimu wa mvua, shina likafungwa majani ya mgomba lipone na kutoa gome jingine baadaye. Gome lenyewe hupigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kuanzia minene mpaka myembamba, chini ya kibanda kilicho wazi pembeni ili lisikauke upesi, mpaka litanuke na kulainika. Ni kazi ya heshima, mafundi wa ukoo wa Ngonge ndio waliokuwa wakiwatengenezea makabaka, yaani wafalme wa Buganda, na UNESCO iliitangaza kuwa urithi wa dunia usioshikika mwaka 2005. Lakini soma tena hapo juu: inapigwa. Haifumwi. Haina mtande wala mshindio. Ni nyuzi za gome zilizoshikana kwa sababu fundi amezilazimisha zishikane. Sasa tia maji na sabuni ya unga, halafu sugua.

Nilishona blanketi la harusi la binti wa dada yangu, miraba ya lubugo na miraba ya pamba nyeupe, usiku baada ya usiku. Lilikuwa zuri, nasema bila haya. Nikaona nilifue mara moja tu kabla ya kulikabidhi, litoke ile harufu ya moshi. Ndani ya beseni ile miraba ikawa uji wa wimbi. Iliyobaki nzima ilivutika upande, sindano ilipopita ikafunguka mstari mzima, na pamba nyeupe ikanywa rangi ya kahawia ambayo haijatoka hadi leo. Bibi harusi alipewa sufuria. Msinicheke, mume wangu alishanicheka kwa niaba ya jukwaa zima.

Nilimpigia simu yule kijana. Alinijibu kwamba labda maji ya Jinja ni makali. Maji ya Nile, makali! Hasira yangu si kwa fundi wa lubugo, maana fundi hakuniambia chochote. Ni kwa hawa wa katikati, wanaouza kitu ambacho hawajawahi kukilalia wala kukifua, na wako tayari kuapa chochote mradi buti lijae. Baadaye tulimpata mpigaji wa lubugo mwenyewe upande wa Masaka, nikamsimulia. Akaweka nyundo chini, akacheka mpaka akajifuta macho. Lubugo, akasema, inaanikwa na kukung'utwa, basi. Hilo ningelipata bure kama ningeanza kwake.

Kwa hiyo sheria ni hii, na sitaki ubishi: LOWESHA KONA KABLA HUJATOA PESA. Omba kipande kidogo, kinunue ikibidi, kitie maji mbele ya muuzaji, kisugue kwa vidole, kikamulie kwenye kitambaa cheupe. Muuzaji akikataa, ameshakujibu. Lubugo itashindwa mtihani, na hapo utajua ni ya nini: ya kutundika ukutani, ya kutandika mezani, ya pambo la mkoba, nayo uiwekee bitana nyuma na mishono mirefu, kwa sababu mishono ya karibu karibu inaitoboa mpaka inachanika. Ya blanketi la kufuliwa, hapana.

Kitenge nacho kionje hivyo hivyo. Kampala utapelekwa kwenye masoko ya Kiyembe na Kikuubo, kuna vitambaa mpaka kichwa kiume, na kila muuzaji atakuambia ni pamba tupu. Chomoa uzi, uuchome kiberiti: pamba inaacha jivu na harufu ya karatasi, poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kisha kona kwenye maji, maana kuna vitenge vyekundu vinavyomwaga rangi kuliko mwanasiasa anavyomwaga ahadi. Vitambaa vya gomesi, lile gauni la kina mama wa Uganda, vinang'aa vizuri, viache viwe gomesi.

Sehemu za kale: nenda Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme, tena uende ukiwa na hili kichwani. Wamezikwa makabaka wanne pale, Muteesa I, Mwanga II, Daudi Chwa II na Muteesa II. Nyumba kuu ya nyasi iliungua Machi 2010, ikajengwa upya kwa miaka, na mwaka 2023 UNESCO ikaiondoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Ndani, lubugo ndiyo pazia linalotenganisha wageni na upande wa wafalme. Imetundikwa, kavu. Hakuna mtu mwenye beseni. Chukua leso ya kujifunga, wanawake hawaingii na suruali, na viatu vinabaki nje. Na kumbuka misafara ya watu wetu wa pwani ndiyo iliyoleta nguo za pamba Buganda karne ya 19, lubugo ikaanza kuachwa kwa mavazi ya kila siku. Mimi sishangai, watu walitaka nguo ya kufua.

Bustani: ya Entebbe ipo tangu 1898, inashuka mpaka ziwani, tenga nusu siku. Hekalu la Wabahai kilima cha Kikaya, lililofunguliwa 1961, lina majani na utulivu ambao hutaamini uko Kampala. Hapa kwetu Jinja mtapita njiani, muone chanzo cha Nile na majengo ya zamani ya Wahindi barabara kuu. Namawojjolo, kati ya Jinja na Kampala, simameni mle kuku na gonja, ndizi za kuchoma, hapo hapahitaji mwenyeji.

Ukishindwa kabisa kujizuia, pitiliza Kampala, shika barabara ya Masaka, umtafute mpigaji mwenyewe, ununue lubugo moja ya ukutani. Halafu Kiyembe muingie mnaporudi, shemeji akiwa na kiberiti na chupa ya maji, na yule mwenyeji akiwa kwake amelala.