Ukikabidhiwa Makangaga Kitaluni

Mwezi wangu wa kwanza kwenye kitalu kimoja kando ya Barabara ya Ngong, nilikuta vidoa vya kahawia chini ya majani ya kangaga, mmea ambao wateja huuita fern. Nikadhani ni wadudu, nikapulizia dawa. Tajiri alicheka sana, kisha akanikata pesa ya dawa. Vile vilikuwa vifuko vya spora, vumbi laini la uzazi. Kangaga halitoi ua wala mbegu, huzaana kwa vumbi hilo. (Wazungu wa zamani, kwa kuikosa mbegu, walisema ipo ila haionekani, na atakayeipata naye hataonekana!) Kwa hiyo geuza jani uangalie: spora hujipanga kwa utaratibu, wadudu hukaa ovyo, hata kwenye vikonyo.

Halafu kuna majina. Mteja wa Nairobi huja na jina alilolitoa kwenye simu, nawe ukijua lilikotoka utajua na namna ya kuutunza mmea. Kuna kangaga liitwalo Adiantumu, neno la Kigiriki, maana yake isiyolowa. Mwagia majani yake maji uone yanavyoteleza kama kwenye jani la nduma. Mgeni huona matone yametapakaa, akaridhika, kumbe udongo haukupata kitu. Joto la Januari likipiga, majani yamekauka yote. Waingereza huliita nywele za mwanamwali, kwa vile vikonyo vyake vyembamba vyeusi.

Lile la kiota cha ndege limekaa kiota kweli, majani yamezunguka shimo la katikati. Usimimine maji humo, hasa baridi ya Julai, moyo huoza. Jina lake la kitaalamu, Aspleniumu, linatokana na wengu, maana jamaa zake waliaminika kuutibu.

La Boston ndilo huwadanganya wengi. Boston, mji wa Marekani, kuna theluji, lakini kangaga hilo asili yake ni nchi za joto za Amerika. Liligunduliwa mwaka 1894 katika shehena iliyopelekwa huko kuuzwa. Ukiliweka kwenye upepo mkavu kwa sababu ya jina, ncha zitakauka.

Na ule mmea laini wanaoufunga kwenye mashada ya harusi, wenye jina la asparagasi, si kangaga hata kidogo. Una maua madogo na matunda. Mimi huuweka meza ya mbali, na mteja akibisha namtafutia tunda.